Sauti ya Lanza, Mdomo wa Purdom: Kisa cha The Student Prince

Katika majina yanayopita mwanzoni mwa filamu The Student Prince ya mwaka 1954, yumo mtu ambaye hutamwona hata mara moja. Wanatajwa waigizaji, Ann Blyth, Edmund Purdom na wenzao, kisha linatokea jina la Mario Lanza, na imeandikwa wazi kwamba kilicho chake humo ni sauti ya kuimba. Mwenye sauti hiyo alikuwa amefukuzwa na studio, MGM, mwaka uliotangulia. Kwa hiyo mwana wa mfalme, mhusika mkuu tunayemwona, ana sura ya Mwingereza na koo la Mmarekani mwenye damu ya Kitaliano, na watu hao wawili hawakusimama pamoja mbele ya kamera hata siku moja.

Kisa hiki husimuliwa kama umbea: nyota alilewa sifa, akanenepa, akawa hashikiki, akatimuliwa. Mimi nakiona tofauti, ndiyo maana nataka kukifuata hatua kwa hatua. Chanzo cha ugomvi kilikuwa swali la kazi, tena swali zuri: mtu anapoimba katika opereta, yaani mchezo wa jukwaani wenye maongezi na nyimbo, ni nani hasa anayeimba? Ni yule mhusika mwenye cheo chake na adabu zake, au ni moyo wake uliofungiwa ndani? Mwongozaji alikuwa na jibu lake, mwimbaji alikuwa na lake, wasielewane. Filamu iliyozaliwa katika mgongano ule ikabeba majibu yote mawili kwa pamoja, bila mtu yeyote kupanga hivyo.

Heidelberg kabla ya kamera

Hadithi yenyewe ni ya Mjerumani Wilhelm Meyer-Förster. Aliiandika kwanza kama riwaya fupi, kisha akaigeuza tamthilia, Alt-Heidelberg, iliyopanda jukwaani mwaka 1901. Mrithi wa ufalme mdogo, aliyelelewa ndani ya kuta za kasri bila rafiki, anapelekwa kusoma Heidelberg. Anapanga katika nyumba ya wageni yenye bustani ya bia, anakutana na Kathie, msichana anayehudumia meza, na kwa mara ya kwanza maishani anaishi kama kijana yeyote: anaimba na wenzake, anakunywa, anapenda. Kisha inakuja habari kwamba mfalme ni mgonjwa. Anarudi kwao, kiti kinamngoja, na binti wa kifalme aliyechaguliwa kwa ajili yake anamngoja pia. Anakwenda Heidelberg mara moja tu tena, kumuaga Kathie. Hawaoani.

Tarehe 2 Desemba 1924 hadithi hiyo ilifunguliwa New York ikiwa opereta, muziki wa Sigmund Romberg, mzaliwa wa Hungaria, na maneno ya Dorothy Donnelly. Ndugu wa familia ya Shubert, waliotoa fedha, hawakuupenda mwisho ule wa kuagana. Walihofu kwamba mteja aliyelipa tiketi hapendi kurudishwa nyumbani na huzuni. Romberg alikaza, na mwisho ukabaki ulivyo. Opereta ile ilionyeshwa mara 608, na hakuna mchezo wa muziki uliodumu kuliko huo Broadway katika miaka yote ya 1920. Ilikuwa pia na bahati ya wakati wake. Pombe ilikuwa imepigwa marufuku Marekani tangu 1920, na hapa kwaya nzima ya wanafunzi wa kiume inainua vikombe vya bia na kuimba kwa furaha ya kunywa. Nikiusikia wimbo ule huwa nawafikiria watu waliokaa kwenye viti vile, makoo yamekauka, wakishangilia kitu ambacho sheria iliwanyima.

Lakini nguvu ya opereta hii haimo katika bia. Imo katika namna mwana wa mfalme alivyogawanywa. Anapozungumza, anazungumza kama alivyofunzwa, kwa kipimo, kama mtu anayejua kwamba kila neno lake litafika kwa waziri. Anapoimba, anasema yale ambayo cheo chake hakiruhusu. Katika opera kubwa watu wanaweza kuimba tangu pazia linapofunguka hadi linapofungwa, wakagombana kwa wimbo na kuagizana chakula kwa wimbo. Opereta ina mpaka kati ya maneno ya kawaida na wimbo, na kuvuka mpaka huo ndiko tukio lenyewe. Mtu ameshindwa kusema, ndipo anaimba.

Kwa watu wa pwani yetu hili halihitaji maelezo mengi. Taarabu imelea vizazi vinavyojua kwamba lisilosemeka barazani husemeka ukumbini, kwa fumbo, mbele ya fidla na ganuni. Na yule anayeinuka kwenda kumtuza mwimbaji pale ubeti unapogonga mahali pake, mara nyingi anatoa ujumbe wake mwenyewe kwa sauti ya mtu mwingine. Ukumbi mzima unajua. Naomba msomaji aikumbuke picha hiyo, maana tutaihitaji mbele.

Mwana wa mfalme asiyesikika

MGM ilikuwa imekwisha kuichukua hadithi hii mara moja, tena katika hali ya ajabu: bila sauti. Septemba 1927, wiki chache kabla The Jazz Singer haijawaonyesha watu kwamba picha inaweza kuimba, Ernst Lubitsch alitoa The Student Prince in Old Heidelberg. Ramon Novarro alikuwa mwana wa mfalme, Norma Shearer alikuwa Kathi. Hadithi ambayo jukwaani ilitembea kwa nyimbo ikaletwa kwenye picha bubu.

Lubitsch alilazimika kutafuta kitu cha kushika nafasi ya wimbo, akakipata. Wapenzi wawili wako kwenye mteremko wa kilima usiku, upepo unayumbisha maua, na mtazamaji anapata kwa macho kile ambacho jukwaani angekipata kwa masikio. Mwishoni kabisa mfalme mpya anapita na gari la harusi yake, na mtu wa kawaida anayemtazama anasema lazima ni raha sana kuwa mfalme. Uso wa Novarro ndio unaojibu. Kilichoniuma siku zote ni kwamba Novarro mwenyewe alikuwa mwimbaji. Miaka miwili tu baadaye watu walimsikia akiimba katika filamu. Mwana wa mfalme wa kwanza wa MGM alikuwa na mwili na sauti, ila filamu haikuwa na masikio.

Kuna uzi mwembamba unaoiunganisha filamu ile na ya mwaka 1954. Kaka yake Norma, Douglas Shearer, ndiye aliyeongoza idara ya sauti ya MGM kwa miaka mingi. Mwaka 1929 studio ilitaka kupiga upya picha za wimbo mmoja wa The Broadway Melody kwa sababu hazikuridhisha. Sauti, hata hivyo, ilikuwa nzuri. Shearer akashauri sauti iachwe kama ilivyo, ichezwe kwa vipaza sauti pale studioni, na wachezaji waifuatishe. Ushauri ule ukawa desturi ya filamu za muziki: unarekodi kwanza na okestra kamili, kwa utulivu, kisha wiki au miezi baadaye unasimama mbele ya kamera na kuchezesha midomo juu ya sauti yako. Ndiyo pleibeki tunayoijua leo kwenye matamasha na kwenye video. Faida zake ni kubwa. Kamera inakuwa huru, mwigizaji anaweza kukimbia au kupanda ngazi, na noti ya juu inabaki safi hata akirudia mara ishirini. Ila hapo hapo mlango mwingine ulifunguka. Sauti ikishatangulia kurekodiwa, si lazima tena mwili utakaokuja uwe wa mwenye sauti.

Majira ya joto ya 1952

Lanza alizaliwa Philadelphia tarehe 31 Januari 1921, akaitwa Alfredo Cocozza. Kufika mwaka 1952 hakukuwa na mwimbaji wa filamu aliyemkaribia kwa umaarufu. Wimbo wake Be My Love ulikuwa umeuza zaidi ya nakala milioni moja, na mwaka 1951 alikuwa ameigiza maisha ya tenori (mwimbaji wa kiume wa sauti ya juu) Enrico Caruso katika The Great Caruso, filamu iliyoongozwa na Richard Thorpe, Ann Blyth akiwa mkewe. Wanaume waliokuja baadaye kuwa wakubwa wa opera, José Carreras mmoja wao, wamesema wazi kwamba filamu ile iliwawasha.

Mtayarishaji Joe Pasternak aliona kwamba opereta ya Romberg ilimfaa mtu huyu. Romberg alikuwa amefariki Novemba 1951, na Donnelly alifariki tangu 1928, kwa hiyo hapakuwa tena na mtu wa kuitetea kazi yao neno kwa neno. Studio ikabadilisha hadithi na kuongeza nyimbo tatu, lahani za Nicholas Brodszky, yule yule wa Be My Love, na maneno ya Paul Francis Webster: Beloved, Summertime in Heidelberg na I'll Walk with God. Baadhi ya wapenzi wa opereta walichukia nyongeza hizi. Mimi nazipokea. Brodszky alizifuma kwa kipimo cha koo alilolijua, na hilo ni jambo la zamani sana katika kazi ya muziki.

Katika majira ya joto ya 1952 Lanza aliingia studio ya kurekodi, kiongozi wa okestra akiwa Constantine Callinicos, mpiga piano aliyezoeana naye. Alikuwa na umri wa miaka 31. Ukisikiliza rekodi zile leo unasikia mtu aliye kileleni: sauti imejaa, haichechemei inapopanda, na maneno yanatoka wazi kana kwamba anayasema. Serenade, wimbo wa kuimbiwa msichana chini ya dirisha lake usiku, umeimbwa na tenori mamia, na bado wengi tukiutaja tunasikia yeye.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mwongozaji aliyepewa filamu alikuwa Curtis Bernhardt, mzaliwa wa Ujerumani, mtu aliyejua mwana wa kifalme wa nchi zile analelewa vipi. Aliusikia wimbo Beloved akasema umeimbwa kwa moto mno. Huyu ni kijana aliyekuzwa kwa nidhamu ya kijeshi. Hawezi kumwaga moyo wake namna hii. Lanza hakukubali. Kwake yeye mwongozaji ana mamlaka juu ya jinsi anavyotembea, anavyosimama na anavyosema maneno yake, lakini hana la kumwambia kuhusu namna ya kuimba.

Agosti aliacha kufika kazini. Yapo mengine yaliyomlemea, mzigo wa sifa na wasiwasi ambao waliomfahamu wameueleza kwa namna nyingi, na sitajifanya naweza kuingia kichwani mwake. Ninachoweza kusema ni kwamba ile hadithi ya unene haikai vizuri na ratiba ya mambo, maana mzozo ulianzia kwenye wimbo. Studio ilimwita, ikangoja, ikasimamisha utengenezaji, kisha ikafungua kesi ikimdai zaidi ya dola milioni 5. Aprili 1953 ikamfukuza.

Mwezi uliofuata wakapatana, na mapatano yale ndiyo moyo wa kisa chote. Studio iliondoa madai yake. Lanza, kwa upande wake, aliiachia haki ya kuzitumia rekodi za 1952 katika filamu. Alichokataa kukitoa kilikuwa mwili wake, siku zake, uso wake mbele ya kamera. Sauti ilikuwa imekwisha kutoka, iko kwenye utepe, na utepe uko kabatini mwa studio. Mtu anaweza kuondoka kazini, lakini sauti iliyorekodiwa haiondoki naye.

Nani alikuwa na haki?

Nimebadilisha mawazo yangu kuhusu jambo hili kadiri nilivyoitazama filamu.

Zamani nilikuwa upande wa mwimbaji bila shaka yoyote. Kama wimbo katika opereta ni mahali ambapo mtu anasema asichoweza kusema, basi kumwambia mwimbaji aimbe kwa adabu ni kumnyang'anya sababu ya kuimba. Mwana wa mfalme mwenye baridi akiimba kwa baridi, hakuna mpaka aliouvuka. Romberg aliandika lahani zinazopanda na kupanda hadi hakuna pa kujificha. Deep in My Heart, Dear ni walsi ambayo ukiiimba kwa kujizuia inakuwa kama chai iliyosahaulika mezani.

Lakini Bernhardt hakuwa mjinga. Jukwaani mwimbaji yuko mbali. Mtu wa safu ya nyuma anaona sare, anaona mikono, anasikia sauti. Kamera inamsogelea mtu hadi kope zinahesabika, na uso unaoungua katika wimbo hauwezi kupoa ghafla wimbo ukiisha, kisha ukaendelea kuzungumza kama afisa wa kambini. Mwongozaji anafikiria mtu mmoja atakayeaminika kuanzia mwanzo hadi mwisho. Lanza alikuwa mtu wa joto hata akiwa kimya. Ndiyo haiba iliyojaza kumbi za sinema. Kumwambia awe baridi katika maongezi na moto katika wimbo ni kumtaka awe watu wawili.

Na hicho ndicho studio ilichokipata mwishowe: watu wawili.

Mwili wa kuazima

Utengenezaji ulipoanza upya, Bernhardt hakuwepo tena. Mwongozaji aliyeletwa ni Richard Thorpe, yule aliyefanya kazi na Lanza katika The Great Caruso. Ann Blyth alikuwa Kathie. Pasternak alikuwa pale pale. Kwa maneno mengine, watu ambao Lanza alikwisha kufanikiwa nao walikuwa wamekusanyika tena, aliyegombana naye ameondoka, na kiti kilichokuwa wazi kilikuwa chake. Nikifika hapa huwa nasimama kidogo. Miezi michache tu ya subira, kwa kila upande, na kisa hiki kisingekuwepo.

Kiti kikapewa Edmund Purdom, Mwingereza aliyezaliwa Desemba 1924, mwigizaji wa jukwaa ambaye hadi hapo kwenye filamu alikuwa na nafasi ndogo ndogo, mojawapo ikiwa ya Strato katika Julius Caesar ya 1953. Kazi aliyokabidhiwa haikuwa na heshima kubwa. Alitakiwa ajifunze nyimbo za mtu mwingine pumzi kwa pumzi, afungue mdomo wake pale hasa mwenzake alipofungua miezi mingi nyuma, na akubali kwamba watu watakaonunua tiketi wanamfuata mtu asiyekuwepo.

Hollywood kwa kawaida ilificha mambo haya. Miaka miwili baadaye Marni Nixon alimwimbia Deborah Kerr katika The King and I, na jina lake halikuwekwa kwenye filamu. Hapa jina la mwenye sauti liliwekwa hadharani kwa kuwa lilikuwa bidhaa. Kwa Waafrika Mashariki waliokulia na sinema za Kihindi, Unguja, Mombasa au Dar es Salaam, mpangilio huu haushangazi hata kidogo. Watu walimpenda mwigizaji kwa sura yake na wakampenda Lata Mangeshkar au Mohammed Rafi kwa sauti, na upendo mmoja haukuuibia mwingine. Tofauti ni kwamba Bombay ilijenga desturi nzima juu ya jambo hilo, waigizaji na waimbaji wakitungiana kazi. Purdom alikuwa peke yake na utepe wa mtu aliyegombana na mwajiri wake.

Nimeitazama filamu hii kwa namna mbili, na nashauri anayeipata afanye vivyo hivyo. Kwanza nilizima sauti nikamtazama Purdom akiimba Serenade. Midomo inakwenda sawa. Herufi zinafungwa na kufunguliwa panapotakiwa, na si kazi rahisi. Lazima alirudia mpaka wimbo ukamwingia kwenye mifupa. Lakini shuka kidogo chini ya kidevu. Tenori anayekwea noti ya juu hutumia mwili wake wote: mbavu hutanuka, taya hushuka, shingo husimama kama kamba iliyovutwa. Kwa Purdom kifua kimetulia kama cha mtu anayesoma barua. Uso una mapenzi, kifua hakina kazi.

Mara ya pili nilifumba macho. Sasa yuko mtu mwingine kabisa chini ya dirisha lile, mtu mnene wa moyo, asiyejua kunong'ona, na usiku wote unamjua. Nikafumbua macho, na kwa sekunde chache akili ilikataa kuwaunganisha. Kisha ikawaunganisha. Sijui inafanyaje, lakini inafanya, kwa sababu sikio ndilo linaloongoza na jicho linafuata.

Sasa turudi kwenye hadithi kama filamu ilivyoibadilisha. Katika maandishi ya 1954 mwana wa mfalme anapelekwa Heidelberg kwa sababu ni mkavu mno. Binti wa kifalme anayetakiwa amwoe, Johanna, tajiri ambaye ufalme unamhitaji, hamtaki kijana anayesimama mbele yake kama mlinzi wa lango. Babu wa kijana, ambaye ndiye mfalme, aliyeigizwa na Louis Calhern, anakubali ushauri kwamba chuo kikuu kitamtia joto. Ukiyafuata masharti hayo, unamhitaji mwigizaji mwenye mgongo ulionyooka na uso uliofungwa, ambaye ndani yake kuna moto hakuna anayeujua, yeye mwenyewe hajui. Purdom ndiye mgongo. Lanza ndiye moto. Alichokitaka Bernhardt kwenye uso kimepatikana, na alichokitetea Lanza kwenye koo kimepatikana, na havikuhitaji kusuluhishwa ndani ya mtu mmoja. Ule mpaka wa opereta, kati ya maneno na wimbo, hapa unasikika kwa kweli, maana mwana wa mfalme anapouvuka anakuwa mtu mwingine.

Tukio linalonithibitishia hili ni lile la jeneza. Mfalme amekufa, na Karl, yule mwana wa mfalme, amebaki peke yake na maiti ya babu yake, anaimba I'll Walk with God. Ni sala. Hapa kifua kile kilichotulia, ambacho chini ya dirisha la Kathie kilikuwa kasoro, kinageuka kuwa sawasawa. Mjukuu aliyefunzwa asilie mbele ya watu amesimama wima, uso haucheki wala haulii, na kutoka mahali fulani ambapo si mdomoni mwake inapanda sauti yenye kilio chote alichokatazwa. Lanza mwenyewe angeliigiza tukio hili kwa machozi na mikono, na pengine lingetutoa machozi zaidi. Lakini hili la Purdom lina ukimya ndani yake ambao nisingependa kuupoteza. Ni kama yule mtu wa ukumbini anayeinuka polepole kwenda kumtuza mwimbaji, haongei, uso umetulia, na kila aliyekaa pale anajua ubeti ule ni wake.

Sisemi filamu nzima imefika hapo. Sehemu za vichekesho zimechakaa, Ann Blyth hakupewa nafasi ya kutosha ya kumfanya Kathie awe zaidi ya tabasamu, na kuna wakati skrini pana ya CinemaScope inawaacha waigizaji wamejipanga kama watu wanaongoja basi. Lubitsch, bila sauti yoyote, alimwelewa Kathi vizuri zaidi.

Roma

Filamu ilitoka Juni 1954. Santuri ya nyimbo zake, yenye jina na sauti ya Lanza, ilipanda hadi nafasi ya kwanza Marekani, mafanikio makubwa kwa mtu aliyekuwa hana kazi katika filamu. Alirudi kwenye skrini mwaka 1956 kwa studio nyingine, lakini hakuigiza opereta yoyote katika maisha yake. Mhusika wa opereta anayekumbukwa naye ni huyu ambaye hakuvaa sare yake.

Mwaka 1957 alihamia Roma na familia yake. Huko, mwaka 1959, alizirekodi upya nyimbo za The Student Prince, safari hii kwa stereo. Sauti imekuwa nzito, giza limeingia chini yake, na pale ambapo kijana wa 1952 alipaa bila kufikiri, mtu huyu anapanda akijua uzito wa kila ngazi. Mimi rekodi za 1952 ndizo ninazozipenda zaidi, ila Golden Days, wimbo wa kukumbuka siku za ujana, naurudia ule wa Roma. Tarehe 7 Oktoba mwaka huo huo alifariki katika mji ule, akiwa na umri wa miaka 38.

Purdom naye, baada ya miaka michache ya nafasi kubwa Hollywood, aliishia Italia. Aliishi Roma kwa miongo mingi, akiigiza katika filamu za huko hadi alipofariki Januari 2009. Na kwa muda mrefu sehemu ya riziki yake ilitoka kwenye kazi ya kuingiza sauti ya Kiingereza katika filamu za Kitaliano: anasimama kwenye chumba chenye mwanga hafifu, maikrofoni mbele yake, anatazama midomo ya mwigizaji mwingine ikifunguka kwenye skrini, na anamsemea.